Dizaini website yako kama kanga: anza na jina, pindo baadae

Wadau, kabla hujafungua Figma (programu ya kuchorea dizaini) wala hiyo laptop yenyewe, nenda kabatini kwa mama chukua kanga moja uitandaze kitandani. Nipo siriazi. Utaona pembeni kuna urembo unaozunguka pande zote nne, ule ndo pindo, katikati kuna mji, na chini ya mji kuna kale kamstari kenye maneno, hilo linaitwa jina. Vitu vitatu tu, toka enzi za bibi zetu, michoro inabadilika kila mzigo ukiingia ila mpangilio ni uleule na sijawahi kuona mtu kashika kanga akauliza hii inatumikaje.

Mi mambo ya dizaini nimeyasoma miaka kadhaa, nimeangalia video mpaka bando likakata, lakini somo lililonikaa nilipewa na dada mmoja anayeuza kanga Mtaa wa Uhuru hapa Dar. Aliniambia anataka website, nikaenda nikajifungia wiki mbili nikamtengenezea kitu nilichoona ni moto wa kuotea mbali, video inacheza nyuma, picha zinajisogeza zenyewe, maandishi yanatokea herufi moja moja. Nikampelekea dukani. Akaifungua kwenye simu yake, ile yenye kioo kimepasuka kwenye kona, katikati ya jua la saa saba. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena. Mteja akaja akauziwa doti mbili akaondoka, kiduara bado. Dada akaniangalia akasema, "Mdogo wangu, sasa hapa kanga ziko wapi?"

Nikamwambia subiri kidogo itafunguka. Akaniambia kaa hapo kwenye stuli uangalie watu wanavyonunua. Nikakaa, kumbe mteja akifika wala haanzi na urembo. Anaonyesha kwa kidole ile iliyoning'inia juu, anauliza, "Hiyo inasemaje?" Dada anasoma jina, "Japo sipati tamaa sikati," mteja anacheka, ndo inashushwa, inakunjuliwa, anaangalia mji na rangi, pindo anaangalia mwishoni akiwa ameshaanza kupatana bei. Mi nilikuwa nimeanza na pindo na nikaishia hapohapo kwenye pindo. Basi hii njia nayowapa hapa ndo niliyoitumia kuirudia ile kazi upya, na nimeendelea nayo kwenye kazi nyingine zote.

Jina kwanza

Usiguse rangi. Usiguse fonti. Chukua simu ya mwenye biashara, muombe akufungulie meseji za WhatsApp za wateja wa mwezi mmoja nyuma, kaa nae muandike maswali yanayojirudia. Kwa dada yalikuwa manne, bei gani, duka liko wapi, mnatuma mkoani, na hii imeandikwaje maana kwenye picha haisomeki. Majibu ya hayo maswali ndo website yenyewe, mengine yote ni mapambo. Yaandike kwenye faili la kawaida kabisa lisilo na rangi, yapange kwa uzito, msomee mtu kwa sauti, akielewa umemaliza robo tatu ya kazi hata kama bado hujachora kitu.

Ukiona nakutania kumbuka website ya kwanza kabisa duniani, ile Tim Berners-Lee, jamaa aliyebuni web yenyewe, aliyoiweka kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Uswisi, mwaka 1991, ilikuwa maandishi na viungo tu basi, na mpaka leo ukienda info.cern.ch unaikuta inafunguka vizuri kwenye simu yoyote. Miaka zaidi ya 30. Niambie ile website yenye video niliyotengeneza mimi ingefika wapi.

Hapa kuna kitu watu wetu wanakisahau, Kiswahili kina maneno marefu. Hizi templeti tunazodownload zimepimiwa Kiingereza, "Add to cart" ni herufi na nafasi 11, "Ongeza kwenye kapu" ni 18, sasa ukiipa batani upana wa kudumu maneno yanakatika yanabaki "Ongeza kwe…" na mteja anabaki kushangaa. Acha batani ijipime yenyewe kwa maneno yake, weka nafasi ya ndani kushoto na kulia halafu upana usiuguse. Na usinyooshe aya pande zote mbili kama gazeti, kwenye skrini nyembamba maneno kama "yanayopatikana" yanaacha mashimo makubwa katikati ya mstari, panga kushoto tu, kulia kuache kuwe kunapanda na kushuka. Herufi za aya zisiwe chini ya pikseli 16. Halafu juu kabisa kwenye kodi (sio ile ya TRA, ni yale maandishi ya HTML yanayoijenga website) andika html lang="sw", maana usipoitaja lugha kile kisomaji cha wasioona, programu inayowasomea skrini kwa sauti, kinaweza kukisoma Kiswahili chako kwa matamshi ya Kiingereza, nimewahi kusikia na ni vichekesho vya kusikitisha, "duka" linatoka sijui nini.

Na bei iandike kama maandishi. Ile tabia ya kutengeneza posta ya Instagram yenye bei ndani ya picha halafu unaitupia kwenye website hivohivo, ni kwamba Google haiwezi kutegemea hiyo bei, asiyeona haipati, na hizi AI zinazowajibu watu siku hizi nazo unazilazimisha kubahatisha.

Mji

Mji wa kanga ni mmoja. Kuna michoro mingine imezunguka lakini jicho linajua pa kutua. Kwenye kila ukurasa jiulize mtu akifika hapa afanye kitu gani kimoja, hicho ndo mji, kipe ukubwa, kipe rangi nzito, kipe nafasi tupu pembeni. Kupima ni rahisi tu, finya macho mpaka ukurasa uwe ukungu, kinachobaki kinaonekana ndo mji wako. Kama kinachobaki ni logo, umeula wa chuya.

Sasa hili la nafasi nataka nikae nalo kidogo maana limewahi kula hela ya mtu. Toleo la pili la website ya dada nilipanga picha za kanga moja chini ya nyingine, kila picha na bei yake chini. Nafasi kati ya picha na bei yake niliweka pikseli 16, na kati ya bei na picha inayofuata pikseli 16 vilevile, nikaona safi, imenyooka. Mteja kutoka Dodoma akatuma hela ya doti ya elfu kumi na mbili akitaka ile ya elfu kumi na nane. Dada akadhani mteja mjanja mjanja. Nikafungua simu nikatazama vizuri, aisee, ile bei ilikuwa inaelea katikati, huwezi kujua ni ya picha ya juu au ya chini, na mteja wa watu aliisoma kama kichwa cha picha ya chini, halali yake kabisa.

Hii wataalam wa saikolojia wa Kijerumani waliieleza zamani, Max Wertheimer aliandika mwaka 1923 kwamba vitu vilivyo karibu jicho linavihesabu kuwa ni kundi moja. Kwa hiyo dawa yake nikaweka pikseli 8 kati ya picha na bei yake, halafu pikseli 32 mpaka kwenye picha inayofuata. Sikubadilisha kitu kingine chochote, sikuweka mistari wala maboksi, na ile fujo ya bei haijajirudia. Ukikumbuka namba moja tu kwenye andiko hili lote kumbuka hii, nafasi ya nje iwe kubwa mara mbili au zaidi kuliko nafasi ya ndani.

Batani nazo zina hesabu yake. Mwanasaikolojia Paul Fitts mwaka 1954 alionyesha kwamba kitu kikiwa kidogo na kikiwa mbali kinachukua muda zaidi kukifikia, na kidole gumba cha mtu aliyesimama kwenye daladala huku mkono mmoja umeshika bomba ndo mtihani wenyewe. Apple wanapendekeza 44 kwa 44, Google kwenye Android wanasema 48, mi naenda na 48 na naiweka chini ambapo gumba linafika.

Rangi sitaki kuongea sana, kila mtu ana macho yake, ila maandishi ya kijivu cha kupauka juu ya nyeupe naomba tuyaache. Kiwango cha kimataifa cha WCAG kinataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandhari isipungue 4.5 kwa 1 kwa herufi za kawaida. Ile kijivu #999999 inayopendwa na templeti nyingi juu ya nyeupe inapata 2.85 hivi, imefeli mbali kabisa, wakati #767676 ndo inapita kwa chupuchupu. Lakini kipimo changu cha mwisho toka nje juani, punguza mwanga wa skrini mpaka nusu, usome. Na ukipata kazi ya mteja anayeuza mtandaoni Umoja wa Ulaya, jiandae kuulizwa haya mambo kabla ya malipo, sheria yao ya ufikivu (wenye ulemavu nao waweze kutumia) ilianza kutumika tarehe 28 Juni 2025.

Mzigo wa kubeba

Ile website yangu ya kwanza ilikuwa na MB 9. Piga hesabu, intaneti ya megabiti 2 kwa sekunde inapitisha robo MB kila sekunde, kwa hiyo ni sekunde 36 kabla mtu hajaona kanga hata moja, na hizo MB 9 anazilipia yeye kwenye bando lake. Toleo la sasa lina KB 400, ni sekunde 1.6 kwa intaneti ileile. Google wenyewe wanataka kile kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5.

Sikufanya uchawi. Picha nilizipunguza mpaka upana ule zinaoonekana nao kweli kwenye skrini, kupakia picha ya pikseli 4000 ikaonyeshwa kwa 360 ni sawa na kukodi fuso kubeba doti moja, halafu nikazigeuza kuwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi. Kila picha nikaiandikia upana na urefu wake kwenye HTML ili brauza iiwekee nafasi mapema, usipofanya hivo picha zikiingia zinasukuma kila kitu chini, mtu anataka kubonyeza "Lipa" ukurasa unaruka anajikuta kabonyeza "Futa". Picha za chini nikazipa loading="lazy" zisubiri zamu yao, ila ile ya juu kabisa usiipe, hiyo inatakiwa ije haraka. Fonti moja, faili moja. Video nikatoa.

Na jaribu kwenye simu ya bei rahisi, Tecno au itel ya kawaida ya mtaani, laptop yako yenye Wi-Fi ya ofisini inakudanganya.

Pindo, yaani sehemu tamu

Sasa mtu atasema huyu jamaa anataka websites zote ziwe kavu kama fomu ya serikali. Hapana bwana. Kanga isiyo na pindo nani ananunua? Mi nachosema pindo lije mwisho na lisiwe zito, na habari njema ni kwamba huko mbele ubunifu unazidi kuwa mwepesi.

Angalia tulikotoka. Zamani ukitaka kitu kinachochezacheza unatumia Flash, programu ya ziada ya kuchezesha vitu ndani ya brauza, mtu anaangalia utangulizi dakika nzima anatafuta pa kuruka, na Adobe wakaizika rasmi tarehe 31 Desemba 2020. Mwaka 2010 mdizaini Ethan Marcotte akaja na wazo la ukurasa mmoja unaojikunja kufuata skrini. Gridi ya CSS (CSS ni lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa) ikaingia kwenye brauza kubwa mwaka 2017, na kuanzia 2023 kipande kimoja cha ukurasa kinaweza kujipima kwa nafasi ya boksi lake badala ya kungoja skrini nzima, na siku hizi kwenye brauza kadhaa ukurasa unaweza kuhama kwenda mwingine kwa mwendo laini bila kubebeshwa maktaba nzito za JavaScript. Yaani vile vitu vilivyokuwa vinakula MB sasa vimo ndani ya brauza yenyewe, unaviita kwa mstari mmoja. Sioni sababu ya kubeba begi wakati nyumba ina kila kitu.

Mfano wa vitendo, pindo la kanga kwenye website. Chora mraba wa SVG (mchoro wa mistari usiopoteza ubora ukikuzwa) wa pikseli 120 kwa 120, ugawe vipande tisa vya 40 kwa 40, kona nne weka ua, vipande vinne vya pembeni weka korosho moja moja, cha katikati acha wazi. Uuite pindo.svg, hautazidi KB chache. Halafu kwenye CSS ya boksi lako:

border: 40px solid;
border-image: url(pindo.svg) 40 round;

Hilo neno round linafanya korosho zijirudie nzima nzima bila kukatwa nusu, na mpangilio uwe huohuo, border juu, border-image chini, ukigeuza, border inaifuta border-image. Usiisahau na solid, bila hiyo pindo halionekani na wala hupewi kosa lolote, mi nilipoteza jioni nzima hapo. Sasa ukifungua kwenye simu ya upana wa 360 utaona pikseli 80 zimeliwa na pindo la kushoto na kulia, maneno yamebanwa kama abiria wa Mbagala asubuhi, kwa hiyo kwenye simu mwambie border-width: 16px 0, pindo libaki juu na chini tu. Dada alipoona hiyo ndo kwa mara ya kwanza alisema imependeza, kabla ya hapo alikuwa anasema "inafunguka".

Kupanga kanga zenyewe tumia gridi, grid-template-columns: repeat(auto-fill, minmax(150px, 1fr)), kwenye simu zinakaa mbili mbili, kwenye laptop zinajipanga zenyewe kadri ya nafasi, huandiki kitu kingine. Na kama unaweka mwendo wowote uwe mfupi, robo sekunde hivi, na uheshimu prefers-reduced-motion, ule mpangilio wa simu wa kupunguza mwendo, maana kuna watu kichwa kinawazunguka kweli na wameshaiambia simu yao hawataki.

AI je

Itumie. Mi naitumia kila siku. Ila umeshagundua zinavyotoa website zinafanana? Zambarau inayofifia kwenda bluu, maneno makubwa katikati, kadi tatu zenye kona za duara, kila kadi na kikatuni chake, ya duka la kanga na ya kampuni ya bima huwezi kuzitofautisha. Ukiiambia tu "nitengenezee website ya kanga" inakupa wastani wa kila ilichowahi kuona. Ipe majina ya kanga uliyoandika kule mwanzo, ipe pindo ulilochora, ipe maswali ya wateja, iambie mji ni upi, halafu ikuandikie kodi na ikukagulie kontrasti (ile tofauti ya mwanga), huko ina faida kubwa na haichoki.

Kiswahili chake kisome neno kwa neno. Ya kwangu siku moja ilitafsiri "cart", yaani lile kapu la manunuzi, nikakuta batani nyekundu imeandikwa "Ongeza kwenye gari". Ilikaa laivu siku tatu. Mteja mmoja akapiga simu kuuliza kama usafiri ni bure.

Kabla hujakabidhi

Tafuta watu watano. Jakob Nielsen, mtaalam wa kupima urahisi wa kutumia website, aliandika mwaka 2000 kwamba watano wanatosha kukuonyesha makosa mengi, na hawa sio wadizaini wenzako, tafuta shangazi, muuza chipsi, bodaboda wa kijiweni. Mpe simu, mwambie "agiza doti moja itumwe Tanga", halafu funga mdomo. Hiyo ya kufunga mdomo ndo ngumu, utatamani kumwambia bonyeza hapo juu, usimwambie, andika tu alipokwama. Kwangu watatu kati ya watano walikwama sehemu moja, nilikuwa nimeweka "Wasiliana nasi" wakati wao wanatafuta neno "WhatsApp". Nikabadilisha neno.

Wiki iliyopita dada kanipigia, ameona duka la mwenzake lina video inacheza juu kabisa na yeye anataka. Nikavuta pumzi. Tumekubaliana iwepo, ila chini ya kanga, haichezi yenyewe, inakaa picha tuli yenye batani iliyoandikwa "Tazama video, MB 3", mwenye bando abonyeze. Bado tunabishana kuhusu muziki.